Daktari wa Dukani

SWALI: Hapa Tseikuru mtoto akikohoa twaenda sokoni kwa mwenye duka la dawa, ambaye sote twamwita "daktari". Juzi alikataa kuniuzia antibiotiki bila cheti, akanituma hospitalini, na jirani wakasema anajivuna. Je, hana ruhusa ya kututibu?
Mama wa watoto wawili, Tseikuru

JIBU: Bibi, taabu imejificha ndani ya neno hilo "daktari". Mfamasia anastahiki heshima, kwani amesomea jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini na jinsi zinavyogombana zenyewe kwa zenyewe. Walakini chini ya Sheria ya Famasia na Sumu ya Kenya, iliyoanza mwaka 1957, yako madawa anayoweza kukuuzia kwa shauri lake, kama parasetamoli, na yako yasiyotoka rafuni ila kwa cheti cha tabibu, na antibiotiki ni katika hayo. Uingereza wamempanulia mlango: tangu 2006 mfamasia mwenye mafunzo ya ziada aweza kuandika dawa, na tangu Januari 2024 maduka ya dawa ya England yatibu maradhi saba mepesi. Lakini hata huko humhoji mgonjwa kwanza, kisha humpelekea daktari wake habari.

Basi huyo aliyekukatalia hakujivuna. Kikohozi cha mtoto aghalabu huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviwezi; nayo ikitumiwa ovyo, au karatasi ya vidonge ikakatwa kwa mkasi kwa kuwa shilingi hazikutosha dozi nzima, bakteria wanaosalimika huwa sugu, na siku ya haja dawa ile ile haifai kitu.

Nyumbani mnyonyeshe au umpe vinywaji vya uvuguvugu, kisha umhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, au akikataa kunyonya na kunywa, mkimbize hospitalini pasipo kupitia dukani. Na mchanga asiyetimiza miezi miwili hangojewi hata kidogo.

Mara nyingine tazama ukutani kama pametundikwa leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, kisha sikiliza: akikuuliza umri wa mtoto, uzito wake na dawa alizokwisha kunywa, mjibu kwa utulivu. Wa kuhadhariwa ni yule apokeaye fedha kabla ya kuuliza neno.