Baba Hawezi Tena Kufunga Vifungo vya Shati

*Daktari, baba yangu ana miaka 58 na amepakia magunia ya mahindi hapa Holili kwa miaka mingi. Tangu mwaka jana vidole vyake vina ganzi, shati namfungia mimi, na anatembea akiyumba hadi majirani wanadhani amekunywa mbege. Eksirei ya shingo ilionyesha pingili zimesagika kwa umri. Sasa daktari wetu anataka apigwe MRI. Baba mdogo anasema fedha hizo tumpeleke kwa fundi wa kuchua. Kaka aliye Dar es Salaam anasema tusubiri MRI ya kisasa zaidi. Tufanye nini?*
*Binti wa Holili*

Mwanangu, kwanza lile lisilosubiri: shingo ya mzee isichuliwe, isikunjwe, isivutwe na mtu yeyote. Na magunia ayaache leo, hasa yale ya lumbesa.

Vidole na miguu vikilegea pamoja, nashuku ugwe mgongo, ule uzi mnene wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo katikati ya pingili. Ukibanwa shingoni, shida hujitokeza mbali: mikononi, miguuni, baadaye kwenye mkojo. Shingo yenyewe huenda isiume kabisa, ndiyo maana wagonjwa huzungushwa kwa dawa za ganzi na za baridi yabisi. Hata ng'ambo, kwenye mashine tele, wengi hukaa zaidi ya miaka miwili kabla ugonjwa haujajulikana.

Eksirei huona mfupa. Haioni ugwe, wala diski iliyotokeza na kuukandamiza. MRI huviona, tena kwa sumaku na mawimbi ya redio, bila mionzi. Itaonyesha ugwe umebanwa wapi, na kama ndani yake kuna doa jeupe linaloashiria kuwa umeanza kudhurika.

Kaka yako hajakosea, aina mpya zipo. Mojawapo hupima jinsi maji yanavyosafiri kando ya nyuzi za neva. Nyuzi zikiharibika, maji hutawanyika ovyo. Naitazamia kwa hamu, maana inaweza kuja kutuonyesha madhara mapema. Lakini hadi sasa ni chombo cha watafiti zaidi, na uamuzi wa kumpasua mgonjwa hauitegemei. MRI ya kawaida inamtosha baba yako. Msiuze ng'ombe kwa ajili ya nyingine.

Picha nayo haisemi yote. Wapo wazee ambao ugwe wao unaonekana umebanwa na hawana tatizo lolote. Daktari lazima ampime kwa mikono yake. Wewe msaidie hivi: mwambie mzee akunje ngumi na kuikunjua haraka kwa sekunde 10, uhesabu. Mkono mzima hufika 20 au zaidi. Andika idadi ya kila mkono na tarehe, uende nayo hospitali.

Kabla hajaingia kwenye mashine, aseme kama ana kifaa cha moyo mwilini, au kama aliwahi kuchomelea vyuma na kipande kikamrukia jichoni. Atalala bila kutikisika kama nusu saa, na mashine hugonga kwa kelele. Aombe vya kuziba masikio.

Ikithibitika kuwa ugwe umebanwa, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unashauri upasuaji kwa waliofikia hali ya kati au mbaya. Kwa dalili ndogo, mazoezi ya tiba chini ya uangalizi nayo yanaweza kujaribiwa. Sitakuficha: kazi kubwa ya upasuaji ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Wengi hupata nafuu, lakini kilichopotea muda mrefu mara nyingi hakirudi chote.

Mlinde asianguke. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, kuhusu majeraha ya ugwe mgongo uliona kuanguka kumeumiza wengi kuliko ajali za barabarani, na ugwe uliokwisha kubanwa unaweza kupoozesha mtu kwa kujikwaa tu. Asipande mparachichi, na safari ya Moshi kupitia Himo asiende kwa bodaboda.

Anzeni KCMC na barua ya daktari wenu. Ikilazimu, watawaandikia rufaa kwenda taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam. Akishindwa kuzuia mkojo au miguu ikikataa kumbeba, mpelekeni siku hiyohiyo, hata usiku. La sivyo, wiki hii isipite, mwanangu.