Ekee ya Abagusii: Ususi kama Matini ya Mazingira

Mjadala kuhusu sanaa na mazingira aghalabu hujikita katika riwaya na ushairi. Makala haya yanashikilia kwamba kikapu nacho ni matini inayostahili kusomwa. Mfano wetu ni ekee ya Abagusii wa kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya.

Ekee ni kikapu cha kuandalia obokima, yaani ugali, hususan ule wa wimbi. Kijadi, kilisukwa kwa mabua ya wimbi. Zingatia, msomaji, mzunguko huu: shamba lilitoa nafaka ya kupikwa na bua la kusukwa, chakula na chombo chake vilitoka katika mmea mmoja. Kikapu kilipochakaa, kilirudi udongoni. Hapa sanaa haiyasawiri mazingira kwa mbali, bali inaundwa nayo.

Uhusiano huu umelegea. Ardhi imegawanywa vipande vidogo kutokana na wingi wa watu, nayo mahindi na chai vimelisukuma wimbi pembeni. Vinamasi, ambavyo ndivyo makao ya mafunjo na nyasi za kusukia, havikusalimika: kinamasi cha Sironga huko Nyamira kimevamiwa na mikaratusi na wafyatuaji wa matofali. Mnamo mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi. Hata hivyo, mkulima huuthamini mti huo kwa kuwa hukua haraka na kuuzika kama nguzo na kuni.

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Je, msusi alaumiwe ilhali mabua ndiyo yaliyomwacha? Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017 iliwafungulia wasusi soko, lakini soko bila malighafi ni mlango usio na nyumba.

Kwa kuhitimisha, kuiweka ekee katika kabati la makumbusho pekee ni sawa na kuhifadhi neno huku lugha yake ikifa. Atakaye kuuhuisha ususi huu na aanze shambani na kwenye chemchemi.

Zoezi: Teua kifaa kimoja kinachosukwa katika jamii yako. Eleza mmea unaokizaa, mahali unapoota, na istilahi za kukisuka ambazo Kiswahili chaweza kuzikopa.