NGUO YA WAMAMA WA ZAMANI
(Somo la historia)



Katika masomo ya historia tunaandika majina ya wakubwa katika kaye zetu: mfalme fulani, vita fulani, mwaka fulani. Mtu akisoma historia ya Marekani atakuta jina la George Wythe, mwalimu wa sheria katika mji wa Williamsburg, aliyetia sahihi yake kwenye Tangazo la Uhuru la 1776. Vizuri. Lakini nani alimpikia chakula? Mpishi wake alikuwa mama mtumwa, jina lake Lydia Broadnax, aliyepata uhuru mwaka wa 1787. Yule bwana anajulikana katika vitabu mingi, na mama huyu anapata mistari michache tu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya njia moja ya kutafuta mambo ambayo vitabu viliyaacha. Mtu anashona nguo ya wakati ule kwa mikono yake, anaivaa, halafu anafanya kazi za wakati ule mbele ya watu: kusokota nyuzi, kufua, kupika kwa kuni. Wengine watacheka na kusema kwamba ni teatre. Hapana, iko namna ya kujifunza.

Njia hii si mpya. Mwaka wa 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen kule Stockholm, nchi ya Uswidi. Alihamisha nyumba za wakulima, akazisimamisha mahali pamoja, na ndani yake akaweka watu wenye mavazi ya zamani. Katika ule mji wa Williamsburg, mchungaji W.A.R. Goodwin na tajiri John D. Rockefeller mwana walianza mwaka wa 1926 kurudisha majumba sawa yalivyokuwa katika karne ya 18. Iko pale duka la Margaret Hunter, fundi na mwuzaji wa mavazi wa wakati ule, na mafundi wa leo wanashona humo kwa sindano, bila mashini.

Basi mama wa Virginia wa miaka ya 1770 alivaa nini? Kwanza shimizi ya kitani, inayogusa ngozi. Hii ndiyo iliyofuliwa mara kwa mara. Juu yake kizibao kigumu, kinachofungwa kwa kamba na kushikwa na vipande vilivyotoka katika kinywa cha nyangumi. Halafu sketi, moja au mbili au tatu. Mifuko haikushonwa kwenye nguo. Ilifungwa kiunoni kwa utepe, chini ya sketi, na mkono ulipita katika nafasi iliyoachwa pembeni. Halafu kanzu yenyewe, mara nyingi ikifungwa kwa pini na si kwa vifungo. Mwisho leso shingoni, aproni, na kofia ya kitambaa.

Ukiona picha tu, unasema: mavazi mazuri. Lakini ukishika sindano unaanza kuuliza maswali mengine. Juu ya nini fundi hakukata kitambaa katika vipande vidogo vidogo kama fundi wa leo? Kwa sababu kitambaa kilikuwa na bei kali, na kazi ya mikono ilikuwa ya bei ndogo. Fundi aliweka kitambaa juu ya mwili wa mwenyewe, akakikunja, akakata kidogo tu, hata miaka ikipita kanzu iweze kufumuliwa na kushonwa upya. Hesabu ile ni kinyume cha hesabu yetu. Leo shati inatupwa kwa sababu fundi anaomba feza kuliko bei ya shati lenyewe.

Sisi wenyewe tulijaribu kidogo. Tulitaka kushona mkono mmoja wa shimizi, mishono midogo midogo, bila mashini. Tulianza asubuhi baada ya sala. Vijana walicheka wasichana, halafu walipopewa sindano wakanyamaza. Kengele ya saa sita ililia, na sisi bado hatujafika nusu, na mshono wenyewe ulikuwa umepinda sawa njia ya mbuzi. Tukakumbuka kwamba mama yule hakukaa akishona tu. Iko maji, iko kuni, iko mtoto mgongoni.

Tena kabla ya mshono iko uzi. Mmea wa kitani unang'olewa, unalowekwa hata kuoza kidogo, unakaushwa, unapondwa, unachanwa kwa meno ya chuma, ndipo unasokotwa. Wasokotaji kadhaa walihitajiwa ili mfumaji mmoja asikose uzi.

Kufanya kwa mikono kunasaidia vile vile kufukuza uongo. Kwa muda mrefu wageni waliambiwa kwamba wamama wengi wa wakati ule walikufa kwa sketi zao kushika moto jikoni, eti ni sababu ya pili ya vifo vyao baada ya uzazi. Wachunguzi walitafuta ushuhuda wa neno hili wakakosa. Na wale wanaopika pale karibu na moto, na sketi zao ndefu, wanajua namna ya kuzikusanya. Sufu pia haishiki moto upesi.

Sasa tunafika mahali pagumu. Katika mji ule wa Williamsburg wa karne ya 18, karibu nusu ya watu walikuwa weusi, na wengi wao watumwa. Lakini miaka mingi wageni walionyeshwa hasa wamama wa nyumba kubwa, wenye hariri. Paka mwaka wa 1979 ndipo ilianza kazi kamili ya kuonyesha maisha ya watu weusi. Na tarehe 10 Oktoba 1994 walionyesha mnada wa watumwa mbele ya watu. Christy Coleman, aliyeongoza kazi ile, alivaa mwenyewe nguo ya mama mtumwa, akauzwa. Watu wengi walipinga, wakisema kwamba maumivu ya wazee wao si kitu cha kutazamwa. Tunaelewa neno lao. Lakini tunauliza: kama mama mwenye hariri peke yake ndiye anaonekana, nani atajua aliyefua hariri ile?

Na nguo ya mtumwa tunaijua namna gani? Sikieni jambo hili. Mtumwa alipokimbia, bwana wake aliweka tangazo katika gazeti, Virginia Gazette, akaeleza alivaa nini: sketi ya rangi gani, kanzu ya kitambaa kigumu cha osnaburg. Leo fundi anashona akifuata maneno ya mtu aliyetaka kumkamata mama yule.

Na wengine hawana hata tangazo. Mwaka wa 1619 watu waliopakiwa Luanda, kwa jirani zetu wa Angola, walifikishwa Virginia. Mama mmoja aliyefika katika safari zile anaandikwa katika hesabu ya watu ya 1625, katika nyumba ya kapiteni William Pierce, kule Jamestown: Angela. Iko jina, iko jina la merikebu. Juu ya nguo yake, hata neno moja.

Kwetu je? Kwa Wakuba wa Kasai wanaume wanafuma rafia, na wamama wanatia nakshi kwa sindano, wanakata nyuzi kwa kisu kidogo hata kitambaa kinakuwa laini. Wazungu walikiita veluri ya Kasai. Kitambaa kimoja kinaweza kula miezi. Vitambaa vile viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, lakini majina ya wamama waliovitia nakshi hayakuandikwa.

Kwa juma lijalo, kila mwanafunzi aende kwa nkambo wake mwanamke, au kwa mama mzee wa jirani. Asimwambie, «Nkambo, unihadithie.» Amwambie, «Nkambo, unionyeshe.» Aombe kazi moja tu aliyoifanya alipokuwa msichana: kusaga kwa jiwe, kusuka mukeka, kufinyanga chungu. Aifanye mwenyewe hata mikono iume, halafu aandike katika kaye saa ngapi alianza, saa ngapi aliacha, na jina la aliyemfundisha, jina lote.