Land Rover Iliyolala Nyuma ya Nyumba: Namna ya Kupima Thamani ya Gari la Kale Lenye Kutu kwa Ajili ya Vipuri

Katika Wilaya ya Same, kuanzia mjini hadi Mwembe na Mbaga upande wa milimani, na kuanzia Kisiwani hadi Gonja na Ndungu upande wa mashariki, si ajabu kukuta Land Rover ya zamani imelala nyuma ya nyumba. Magurudumu yamezama ardhini, kioo kimoja hakipo, na kuku hutagia kwenye kiti cha dereva. Magari ya aina hiyo yalipandisha abiria, mbolea na mabati katika barabara za Upare kwa miaka mingi, na yapo yanayoendelea kufanya kazi hiyo kwa sababu tu vipuri vyake hupatikana kutoka kwa wenzake waliokwisha kulala.

Mwenye gari la namna hiyo hufikiwa na wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye hulitazama kama kilo za chuma. Wa pili ni dalali ambaye, hasa tangu tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024, huliita gari lolote lenye umri mkubwa "antiki" na kulitajia bei ya kustaajabisha. Kwa maoni yetu, wote wawili hupima kitu kisichostahili kupimwa. Thamani ya gari lililokufa ni thamani ya viungo vinavyoweza kutoka vikiwa vizima na kufungwa katika gari jingine linalotembea, baada ya kutoa gharama ya kuvifungua na kuvisafirisha. Uzito wake na umri wake havitoshi kuieleza.

Hatua ya kwanza ni kulitambua gari lenyewe. Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu liliuzwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Zinazoitwa 88 na 109 hutajwa kwa urefu, katika inchi, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na zote hukalia springi bapa. Ile ya 110, iliyotoka mwaka 1983, hukalia springi za mviringo. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama kipuri kitafunga au hakitafunga. Giaboksi ya toleo la tatu, kwa mfano, huingiza gia zote nne za mbele kwa ulaini, ilhali ya toleo la pili hufanya hivyo kwa gia ya tatu na ya nne tu. Meno yake ya ndani hayabadilishani ovyo, hata kama maganda yake yanafanana kwa macho.

Baada ya hapo tunamshauri mlaji, awe muuzaji au mnunuzi, atafute sumaku. Hata ile ya spika mbovu ya redio yafaa. Wakati Land Rover ya kwanza inabuniwa, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao nchini Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na desturi hiyo ikaendelea. Boneti, mabawa ya mbele, ngozi za milango na pande za nyuma kwa kawaida hazishiki sumaku. Zikishika, maana yake ni kwamba paneli ya asili iliondoka zamani na fundi akafunga bati la kawaida, na thamani yake hushuka. Mahali aluminiamu inapogusana na chuma hutokea unga mweupe: huo nao ni uozo, ingawa hauna wekundu wa kutu.

Sumaku hiyo hiyo humlinda muuzaji. Mnunuzi wa chuma chakavu anayepima gari zima kwa bei moja ya chuma huondoka na aluminiamu ya bodi na ya ganda la giaboksi, shaba iliyomo ndani ya stata na dainamo, na shaba ya rejeta kama bado ni ile ya asili, vyote kwa bei ya chuma. Metali hizo huuzwa kwa bei ya juu zaidi kwa kilo. Hakuna haja ya ugomvi. Inatosha kusema kwamba kila metali itatenganishwa na kupimwa peke yake. Mizani inayotumika katika biashara hiyo inapaswa kuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na muuzaji ana haki ya kuomba kuona alama ya uhakiki kabla kitu cha kwanza hakijawekwa juu yake.

Kutu yenyewe isomwe kwa makini, kwa maana si kila kutu ni hasara. Mji wa Same umekaa upande mkavu wa milima, na gari lililolala hapo huweza kuwa na chesi nzima kuliko lililolala penye ukungu karibu na msitu wa Shengena, au lililoletwa kutoka Tanga likiwa limeshiba chumvi ya bahari. Chesi ya Land Rover ni bomba la pembe nne. Tope huingia ndani yake, hukaa, na kuila kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo rangi nzuri ya nje haithibitishi lolote. Igongwe kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Kisha bisibisi isukumwe kwenye boriti ya nyuma na penye vishikio vya springi. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao huoza, hasa sakafuni na kwenye bawaba za milango. Anayetaka vipuri tu asibabaishwe na chesi iliyooza, lakini asiilipie pia.

Injini ichunguzwe kabla ya kuaminiwa. Nyingi za matoleo ya pili na ya tatu ni za silinda nne zenye ujazo wa lita 2.25, za petroli au dizeli. Kwa hendeli ya mkono fundi anaweza kujua kama inazunguka. Isipozunguka, huenda ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, na hapo injini ihesabiwe kama chuma hadi itakapofunguliwa. Oili yenye rangi ya maziwa ni dalili ya maji. Oili ya giaboksi na ya difu imwagwe kidogo kwenye kopo safi: vipande vya chuma vinavyong'aa ni ushahidi wa meno yaliyovunjika. Kopo ni la lazima kwa sababu nyingine pia. Oili isimwagwe karibu na mfereji au ndiva ambayo wenzetu hutegemea kumwagilia mashamba.

Kuhusu difu tunatoa tahadhari maalumu. Difu za 88 na 109 zina uwiano wa 4.7 kwa 1, na za 110 ni 3.54 kwa 1. Gari la magurudumu manne likifungwa difu ya uwiano mmoja mbele na mwingine nyuma, pale dereva atakapoingiza gia ya nguvu kwenye mteremko wenye utelezi, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana, na kitu kitavunjika. Kwa hiyo difu nzima isiyo ya aina yako haina thamani kwako, hata ikitolewa kwa bei ya zawadi.

Vipuri vya breki na usukani vinahitaji msimamo mkali zaidi. Pampu za breki, mipira yake na viungo vya usukani vilivyokaa miaka juani au kwenye unyevu, sisi tunashauri vihesabiwe sifuri. Ngoma za breki zaweza kupimwa na fundi na kukubaliwa. Mpira uliozeeka hauna kipimo cha gereji kinachouaminisha. Gari linaloshuka kutoka Mbaga likiwa na abiria kumi halipaswi kutegemea kipuri ambacho hakuna anayejua kilikaa wapi.

Sasa hesabu. Tuchukulie, kwa mfano tu na si kama bei elekezi, kwamba fundi amekadiria giaboksi kuwa shilingi 900,000, difu mbili 600,000, milango na boneti 400,000, na vitu vidogo 200,000. Jumla ni 2,100,000, na muuzaji anaomba 1,800,000. Wengi hulipa hapo hapo. Lakini giaboksi na difu hazijafunguliwa, kwa hiyo busara ni kuzihesabu nusu: 750,000 badala ya 1,500,000. Jumla inashuka hadi 1,350,000. Toa 250,000 za ufundi na 300,000 za lori la kushusha mzigo; zinabaki 800,000. Hiyo ndiyo bei ya juu ambayo mnunuzi angepaswa kuifikiria. Kwa gari lililo mlimani, mara nyingi ni nafuu kulifungulia pale pale na kushusha vinavyotakiwa tu.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hukijumlisha katika thamani na hakipaswi kuwamo: kadi ya gari. Wapo wanaonunua gari bovu ili namba na kadi yake viende kwenye gari jingine. Huo ni udanganyifu, na anayeuza kwa nia hiyo huenda akaja kuulizwa habari za gari asilolijua. Namba ya chesi iliyo kwenye kadi ilinganishwe na iliyogongwa kwenye chuma, ambayo mara nyingi huwa upande wa kulia mbele, penye kishikio cha springi. Kama gari halitarudi tena barabarani, mmiliki aulize katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato utaratibu wa kulifuta kwenye daftari.

Magari mengi ya namna hii ni ya marehemu. Mtoto anayeishi kwenye nyumba hawi mmiliki wa gari kwa sababu hiyo tu. Mwenye mamlaka ya kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mnunuzi aombe nakala ya barua ya uteuzi. Tunalisema hili kwa sababu mnunuzi aliyekwisha kufungua giaboksi na kuifunga kwenye gari lake hujikuta pabaya ndugu wa pili anapotokea kutoka Dar es Salaam kudai gari la baba.

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza. Lakini kuhusu ubora, sheria humbana zaidi mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo kuliko jirani anayeuza gari la nyumbani, na mnunuzi aliyekagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Mwenye duka la vipuri anayesema difu ni ya 109 huku akijua ni ya 110 anampotosha mlaji, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani.

Makubaliano yaandikwe siku ya malipo. Stakabadhi itaje majina ya pande zote mbili, namba ya chesi na ya injini, vipuri vilivyouzwa kimoja kimoja, vilivyobaki kwa muuzaji, kiasi kilicholipwa, na tarehe ya mwisho ya kuondoa mabaki uwanjani. Kila upande ubaki na nakala yenye sahihi, na mashahidi wawili waweke sahihi zao.