Ukiacha ugali, kwa nini pumzi inanuka?

Mama mmoja alibaki nyuma baada ya darasa letu la lishe, akasubiri wengine watoke. Aliona haya kuuliza mbele ya watu. Amepungua uzito na amefurahi, lakini binti yake amemwambia kwamba mdomo wake unanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Anapiga mswaki mara tatu kwa siku na harufu haiondoki. Wiki mbili nyuma jirani yake alimshauri aache kabisa ugali, wali, chapati, mihogo na viazi, ale nyama, mayai na mboga za majani. Hapa Marekani mlo huo huitwa "keto".

Binti hakukosea. Chakula chenye wanga kikiingia tumboni hugeuka sukari, na sukari ndiyo nguvu ambayo mwili umezoea kuitumia. Ini huweka akiba yake, kama gramu 100 hivi. Usipokula wanga, akiba hiyo huisha baada ya siku moja hivi. Hapo mwili huanza kutumia mafuta kwa wingi, na ini hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa vitu vinavyoitwa ketoni. Mojawapo ni asetoni, ileile iliyomo katika dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha. Asetoni hugeuka hewa upesi. Hutoka kwenye damu, ikaingia mapafuni, ikatoka na pumzi. Mswaki hauwezi kuifikia, kwa sababu harufu haitoki kwenye meno.

Mlo wa keto kwa kawaida huruhusu chini ya gramu 50 za wanga kwa siku nzima. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi, na sahani zetu za jioni hazina kikombe kimoja! Ukitaka kujua hesabu ya chakula cha dukani, tazama nyuma ya pakiti kwenye mstari ulioandikwa "Total Carbohydrate".

Wanaofunga Ramadhani wanaijua harufu inayofanana na hii, ingawa ya mfungo hutokana zaidi na kinywa kukauka. Kwa anayekula keto, kunywa maji ya kutosha, kusugua ulimi na kutafuna ubani usio na sukari husaidia kiasi. Kinachoiondoa hasa ni kurudisha wanga kidogo: maharage, viazi vitamu, hata kipande cha ugali. Sioni sababu ya mtu mzima wa afya kuukimbia ugali wote ikiwa angeweza kuupunguza nusu.

Kwa huyu mama, basi, harufu haikuwa ugonjwa. Lakini nilimuuliza swali moja kabla hajaondoka, nanyi nawauliza: je, una kisukari? Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze wanga kabla ya kuzungumza na daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla, na kuna vidonge vya kisukari ambavyo vikichanganywa na mlo huu vinaweza kuleta ketoni nyingi za hatari hata kipimo cha sukari kikiwa si kibaya sana. Mjamzito na anayenyonyesha nao waulize kwanza.

Na kama harufu hiyo, kama ya matunda yaliyoiva mno, inatoka kwa mtoto ambaye anakula wali wake kama kawaida, usiichukulie kuwa ni jambo la kinywa. Mtazame. Je, ana kiu isiyoisha? Anakojoa mara nyingi, au ameanza tena kukojoa kitandani? Amekonda? Huenda ni kisukari ambacho hakijagunduliwa: mwili umekosa insulini, sukari imejaa kwenye damu lakini haitumiki, na ketoni zinaifanya damu iwe na asidi kupita kawaida. Akiwa na dalili hizi apimwe sukari siku hiyohiyo. Akitapika, akiumwa tumbo, akihema kwa nguvu na haraka, au akisinzia kupita kawaida, usingoje kesho. Piga 911. Ukipokelewa kwa Kiingereza, sema "Swahili", kisha usikate simu hata pakiwa kimya, kwa sababu huenda wanatafuta mkalimani. Hospitalini pia omba mkalimani. Hutalipa, na mtoto asifanywe mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe.