Ukitaka Kuichunguza Saratani, Eastlands Si Kizuizi

Msomaji wa Kayole, huku Eastlands, Nairobi, ameniandikia hivi: "Dada, nimemaliza kidato cha nne na nimepata B. Nataka kuwa mtafiti wa magonjwa ya uzazi, hasa saratani ya mlango wa kizazi. Nyumbani wanasema hiyo ni kazi ya Wazungu, eti nisomee ualimu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, hongera kwa hiyo B. Hilo la Wazungu lisikunyime usingizi. Umewahi kusikia habari za Dkt. Nelly Mugo? Ni Mkenya mwenzetu, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI). Zamani chanjo dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ilitolewa kwa dozi mbili au tatu. Yeye na wenzake wakauliza: moja haitoshi? Waliwafuatilia wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kutoka Nairobi, Thika na Kisumu. Mwaka 2022 jibu likatoka: katika miezi 18, dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina namba 16 na 18 za kirusi hicho, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja.

Kwa nini wasichana? Mwili unapobalehe, chembe za mlango wa kizazi huwa zinabadilika, na pale zinapobadilika ndipo kirusi hupata mwanya. Kinaweza kukaa miaka mingi kabla saratani haijatokea. Ndiyo maana Kenya ilipoanza kutoa chanjo mwaka 2019 ililenga wasichana wa miaka 10, kabla kirusi hakijawafikia. Kuelewa jinsi mwili wa msichana unavyokua ni nusu ya kuielewa saratani hii.

Na usidhani Eastlands haina historia yake katika utafiti. Tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada, vimefanya utafiti wa magonjwa ya zinaa na Ukimwi pamoja na wanawake wa Majengo, Pumwani, wanaofanya biashara ya ngono. Miongoni mwa waliojenga imani na wanawake hao alikuwa muuguzi, Elizabeth Ngugi, aliyekuja kuwa profesa. Hapo kuna somo lako: utafiti wa uzazi unasimama au kuanguka kwa kuaminiwa. Mama hakupi sampuli ya mwili wake kwa sababu una shahada. Anakupa akishaelewa unaitakia nini. Wewe unaweza kumweleza kwa lugha yake ya mtaani, na vyuoni hawafundishi hilo.

Sasa tuje kwa njia yenyewe. B yako imepita C+ inayohitajika kwa shahada. Kwenye KUCCPS, mfumo wa kuomba nafasi za vyuo, tazama uuguzi, biokemia au sayansi ya maabara ya kitabibu. Udaktari pia, pointi zako zikifika. Omba mkopo wa HELB mapema. Ukiwa chuoni, usiikimbie takwimu: bila hesabu hakuna mtafiti. Baadaye kuna uzamili na uzamifu, na KEMRI ina shule yake ya uzamili inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha JKUAT, hivyo si lazima upande ndege.

Sitakudanganya, miaka ni mingi, na kazi nyingi za utafiti ni za kandarasi: ufadhili ukiisha, nawe unatafuta kwingine. Kwa hiyo waambie wazazi ukweli huu: mwenye uuguzi au maabara anaweza kuajiriwa hospitalini huku akingoja nafasi ya utafiti. Hoja hiyo wataisikiliza kuliko ndoto peke yake.

Basi jaza fomu kabla dirisha la KUCCPS halijafungwa. Na kama una mdogo wako wa kike wa miaka 10, mpeleke kliniki ya serikali akachanjwe, ni bure.