KANGAJA NDANI YA KIOO

Ningependa kukupasha machache mintarafu ya samaki ambaye sisi watu wa Pwani tumemla tangu jadi, ilhali watu wa ng'ambo humtia katika tangi la kioo sebuleni wakamtazama. Samaki huyu si mwingine ila ni kangaja. Wenzetu wa bara wasidhani nazungumzia lile tunda dogo linalofanana na chenza. Tunda ni kangaja hili, samaki ni kangaja huyu. Upatanisho wa kisarufi ndio utakaokuokoa.

Muhula uliopita wanachama wengine walitoa rai kwamba chama chetu kinunue tangi la lita 60, liwekwe maabara, na ndani yake aingie kangaja wa samawati. Mimi nilipinga, na kidogo nifukuzwe mkutanoni! Waliniita adui wa maendeleo. Basi leo nina kurasa na hakuna wa kunikatiza, kwa hivyo nitaeleza kinachotakiwa na mfugaji wa samaki huyu, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Kwanza tumfahamu. Ukoo wa kangaja una aina zaidi ya 80 katika bahari za joto, na puju mwenye pembe ni wa ukoo huohuo. Ubavuni, pale mkia unapoanzia, kangaja ana mwiba mkali kama wembe, mmoja kila upande. Akiwa shwari huulaza katika kijifuo chake. Akikasirika huusimamisha na kupiga mkia. Ndiyo maana Waingereza humfananisha na daktari wa upasuaji. Mjomba wangu ni mzamiaji, kazi yake ni kunasa samaki wa mapambo wanaosafirishwa nje, na kiganja chake kina kovu la wembe huo. Hamshiki kangaja kwa mkono mtupu, na wewe usijaribu.

Yule wa samawati, ambaye wataalamu humwita Acanthurus leucosternon, yaani mwenye kifua cheupe, hupatikana katika Bahari ya Hindi kuanzia kwetu hadi Indonesia. Mwili wake ni samawati, uso mweusi, koo jeupe na pezi la mgongoni manjano. Kweli anapendeza, hilo sikatai. Lakini hukua akapita sentimita 20, na kutwa nzima huwa mbioni, akidonoa mwani mfupi unaoota juu ya miamba. Samaki kama huyo katika lita 60 ni kama kumfungia mkimbiaji wa Eldoret ndani ya choo. Anahitaji tangi lenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, na maji yasiyopungua lita 400.

Hebu tupige hesabu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Lita 400 zinataka kilo 14 za chumvi, na si chumvi ya jikoni, manake hiyo haina magnesiamu, kalisi na madini mengine ya baharini kwa kiasi kinachofaa. Tangi likijaa, maji peke yake yana uzito unaozidi kilo 400. Meza ya mbao tunayoandikia itaitikia mara moja tu! Kila wiki utabadilisha kama sehemu moja ya kumi, yaani lita 40. Na maji yanapopungua kwa sababu ya joto, unaongeza maji baridi yasiyo chumvi, kwa kuwa chumvi haipai na mvuke, inabaki palepale. Anayeongeza maji ya chumvi kila siku anatengeneza achari.

Jambo ambalo wengi hawana subira nalo ni kusubiri bakteria. Mavi na mkojo wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu pia, kisha wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo ina nafuu. Bakteria hawa huota katika mawe na mchanga, na huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Tangi jipya linang'aa, maji meupe pe, kumbe ni kaburi. Kangaja aingie mwisho kabisa, miezi kadhaa baadaye, wenzake wakiwa wameshazoea. Akitangulia yeye, atajifanya chifu na kuwachapa wote wanaofuata. Wawili wa aina moja hawakai pamoja katika tangi la nyumbani ila kwa bahati.

Tena kangaja ni mwepesi wa ugonjwa wa madoa meupe. Utamwona kama aliyenyunyiziwa chumvi, anajisugua kwenye mawe na kuhema haraka. Kijidudu chake hukaa mwilini siku chache, huanguka chini, hujigawa, kisha watoto wake huogelea kumtafuta samaki mwingine. Dawa ya shaba huwaua hao wanaoogelea, lakini huua pia kamba, konokono na matumbawe. Kwa hivyo samaki mgeni huwekwa karantini katika tangi la pembeni kwa mwezi mzima. Maana yake, aliyedhani atanunua tangi moja ananunua mawili.

Chakula ni rahisi zaidi: mwani mkavu usiotiwa viungo, ufungwe kwenye jiwe, apate kudonoa mchana kutwa. Nyama tupu itamdhoofisha. Stima je? Pampu ndiyo pumzi yake, na stima ikipotea usiku kucha huku maji ni ya moto, asubuhi utakuta wanaelea. Pampu ya hewa ya betri si anasa.

Sasa nije kwa mjomba. Yeye ananiambia, "Mwanangu, ukiwazuia watu kununua kangaja, karo yako italipwa na nani?" Hilo swali ni zito, na sikulijibu. Nilimwambia tu habari za mwaka wa 1998, wakati joto la El Nino lilipoua matumbawe mengi ya pwani yetu. Jiwe lililokufa hufunikwa na mwani, na tumbawe changa halipati pa kushika ila wapo samaki wa kuula mwani huo. Kangaja ni mmoja wao. Mjomba alicheka, akasema ndiyo maana yeye huchukua wachache mahali pamoja kisha huhamia mwamba mwingine, na haingii katika mbuga za baharini kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968.

Kuwazalisha ndani ya tangi kunawezekana ila ni kazi ngumu, kwa sababu watoto wao huelea wiki nyingi wakila vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kangaja wa manjano alizalishwa Hawaii mwaka wa 2015, na yule wa buluu wa filamu ya "Finding Dory" huko Florida mwaka wa 2016.

Kwa lile tangi letu la lita 60, napendekeza samaki wadogo wawili wa kwenye tumbawari, wale wa rangi ya machungwa na mistari myeupe. Nao wanatosha. Hoja hii nitaileta tena mkutanoni Ijumaa, na safari hii naja na kikokotoo.